Mnyoo anakufa, yai linabaki: jibu kwa dada wa Tudor, Mombasa

Swali lake nalifupisha hivi. Ana tangi la maji ya bahari la lita 280, liko sebuleni, huu mwaka wa pili. Miezi miwili nyuma alipewa na rafiki vipande vitatu vya akropora, yale matumbawe magumu ya matawi, akavitia tangini moja kwa moja. Sa hizi akropora yake kubwa ya kijani imepauka kuanzia chini, ina vidoa vyeupe vya mviringo, na polipu, vile vinyama vidogo vya tumbawe, hazichomozi tena kama zamani. Tena kwenye jiwe la pembeni kumeota vitu kama maua ya kahawia, vinachoma zoa zake (matumbawe yake laini), na kila akivikwangua kwa kisu vinarudi vingi zaidi. Kuna mtu amemwambia amwage dawa ya minyoo ya mbuzi tangi zima mambo yaishe. Auliza kama amwage, na kama ikishindikana kabisa atoe kila kitu aokote matumbawe mapya maji yakitoka pale Nyali.

Dadangu, usimwage. Tafadhali sana, hiyo chupa irudishe kabatini kwanza, tuongee.

Una matatizo mawili tofauti hapo na kila moja lina tiba yake, na dawa ya mbuzi si tiba ya hata moja kati ya hayo mawili. Dawa za minyoo za mifugo ziko aina nyingi, kuna za levamisole, kuna za albendazole, kuna zilizochanganywa mbili pamoja, na zimetiwa rangi na vitu vya kuzifanya nzito ambavyo hakuna aliyevipima kwa matumbawe. Hao watu wanaosema levamisole hawajatoa hewani, ni kweli wafugaji wa matumbawe wanaitumia, lakini wanaitumia kwa wale minyoo wekundu wadogo wanaojaa kwenye mchanga na vioo, na hata hapo wanawafyonza kwanza kwa mpira wawatoe wengi kabisa, manake wakifa wote pamoja wanaachia sumu ndani ya maji na samaki wanaondoka nao. Wako si hao. Wako, kwa ulivyoeleza, ni wale wanaokula akropora, na shida ya hawa si kuwaua. Kuwaua ni rahisi. Shida ni mayai. Hakuna dawa ya kuchovya ninayoijua mimi inayopenya ganda la yai lao bila kuliua tumbawe lenyewe. Kwa hivyo mtu anachovya mara moja, anaona minyoo kumi wameanguka chini ya besini, anafurahi, anarudisha tumbawe tangini, na baada ya mwezi na kitu yuko pale pale, ila sa hizi kipande kimeshakuwa nusu.

Lakini kabla ya yote hakikisha ni wao. Akropora kupauka chini kuna sababu nyingi, kuna joto, kuna kivuli kwa vile matawi ya juu yamezidi, kuna maji kubadilika ghafla, na kuna maradhi ambayo nyama yote yabanduka kama karatasi iliyolowa. Ukiona yabanduka hivyo kwa siku moja mbili, hiyo si minyoo, hiyo kata matawi mazima haraka uyaokoe. Dalili ya minyoo ni tofauti, ni vile vidoa ulivyosema. Ni alama za kuumwa, za mviringo, milimita chache tu upana wake, zimetawanyika kwenye tawi hasa upande usiopigwa na taa, ni kama mtu amegonga gonga kwa ncha ya kalamu isiyo na wino. Rangi yote inafifia pole pole na polipu zinajificha.

Kupima ni hivi. Nenda duka la dawa nunua bomba kubwa la sindano, lile la mililita 60, bila sindano. Chukua besini jeupe, lazima liwe jeupe, tia maji ya tangi lako, weka tumbawe ndani, halafu vuta maji na bomba uyapulize kwa nguvu katikati ya matawi na chini kabisa kwenye shina. Wasubiri. Kitu kinachoanguka kitakuwa kama kipande kidogo cha nailoni laini, bapa, chenye umbo la yai, wengi ni milimita chache na mkubwa afika kama sentimita. Mwanzo utadhani ni utando tu wa tumbawe. Kisha utakiona chajikunja pembeni na kuteleza juu ya plastiki. Huyo ndiye.

Na usijilaumu kwamba hukuwaona miezi miwili yote hiyo, manake huyu kiumbe ameumbwa asionekane. Mwili wake wapitisha mwanga, na anapokula tumbawe anakula na ile miani inayoishi ndani ya nyama ya tumbawe pamoja na rangi zake, vinabaki tumboni mwake vikionekana kwa nje, kwa hivyo akila akropora ya kijani anakuwa na rangi zile zile za akropora ya kijani, hata ukiwasha taa ya bluu anang'aa nayo. Yaani anavaa anachokula. Nimeshakaa mbele ya tawi moja na tochi na kioo cha kukuzia robo saa nzima nikiapa ni safi, nikalipuliza, wakaanguka saba.

Jina lake la kitaalamu ni Prosthiostomum acroporae. Alielezwa rasmi mwaka 2011, na alielezwa kutoka kwenye matangi ya watu, si kutoka baharini, baharini alikuja kuonekana mara ya kwanza 2012 huko Great Barrier Reef, Australia. Nalitaja hilo kwa sababu kuna wanaodhani tangi chafu ndilo linalozaa minyoo. Hapana. Anaingia amepanda juu ya kipande. Hawa wako walikuja na vile vipande vitatu vya rafiki yako, na huenda rafiki yako mwenyewe hajui anao, mpigie umwambie naye aangalie vyake, si kwa kumlaumu.

Sasa mayai. Toa tumbawe, ligeuze, angalia pale nyama ilipokufa na mfupa umebaki mtupu, hasa chini ya tawi na pale shina linaposhikana na jiwe. Mnyoo hatagi juu ya nyama hai, anataga juu ya mfupa, karibu na chakula. Utaona vidoto vya rangi ya dhahabu iliyoiva au kahawia, vimepangana pamoja kama mbegu za ufuta zilizobandikwa kwenye mkate wa mofa, ila vidogo zaidi. Kila kiganda hapo kina viinitete kadhaa ndani, si mmoja. Kwa hivyo kikundi kimoja ulichokiacha ni familia nzima.

Kitu kimoja ushike kichwani, hesabu ya siku, manake tiba yote imejengwa juu yake. Kwenye maji ya nyuzi 27 mzunguko wa huyu mnyoo, kutoka yai mpaka yeye mwenyewe kutaga, unachukua siku 38. Maji yakipoa anachelewa, maji yakipata joto anaharakisha, na sisi Mombasa hatuna maji ya kupoa, tangi la sebuleni wakati wa kaskazi mwezi wa pili wa tatu lapanda nyuzi 29, 30 bila hata hita. Kwa hivyo hesabu za wazungu wanaofuga kwenye nyuzi 25 usizichukue vile vile, wao wana nafasi kidogo, wewe huna. Ukichovya kila baada ya siku saba, kwa wiki sita au saba, kila kizazi kinachoanguliwa unakikuta bado hakijafika umri wa kutaga. Ukiruka wiki mbili kwa sababu kulikuwa na harusi Malindi, umeanza upya. Sisemi hivyo kukutisha, nasema kwa sababu nimeona watu wavumilivu kabisa wakishindwa hapo hapo tu, wiki ya tatu, wakati tumbawe limeanza kurudisha rangi na mtu anaona yamekwisha.

Kwa hivyo kazi yako ni kuzitoa akropora ZOTE kwenye tangi kubwa. Zote, hata ile ambayo waiona nzima. Mnyoo huyu anakula akropora tu, hizo zoa zako na matumbawe mengine laini hayamhusu, yaache mahali pake. Tangi kubwa likikaa bila akropora hata moja, wanaoanguliwa humo ndani hawana chakula, wanakufa njaa wenyewe. Wiki sita ndiyo chini kabisa, mimi hukaa nane. Bila dawa, bila gharama. Ndiyo dawa bora kuliko zote na ni bure.

Hizo akropora zitakaa wapi? Hapa watu hukata tamaa wakidhani ni lazima wanunue tangi la pili kamili. Wala. Kontena la plastiki la lita 40, lile la kuhifadhia nguo, jipya, halijawahi kutiwa sabuni, linatosha. Tia maji ya tangi lako, pampu moja ndogo ya kusukuma maji, taa ndogo ile ya kubana pembeni, basi. Usitie mchanga, usitie mawe, chini pawe patupu uone kila kinachoanguka. Hita kwetu utaihitaji labda usiku wa kusi mwezi wa saba, siku nyingine wasiwasi wako uwe joto, si baridi, kwa hivyo feni ndogo ipige juu ya maji. Feni inapoza kwa kukausha maji, kwa hivyo kila asubuhi rudisha yaliyopungua kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ya kuchujwa, nasisitiza ya kuchujwa, maji ya kisima ya Tudor yana chumvi chumvi na vitu vyake, usiyategemee. Badilisha kama lita 10 kila siku mbili tatu kwa maji kutoka tangi kubwa, kontena dogo laharibika haraka.

Kwanza kabisa, kabla ya kuchovya, kata. Ile akropora kubwa usijaribu kuiokoa nzima. Najua inauma, umeilea mwaka mzima. Lakini shina lile ndiko mayai yaliko, na hakuna wembe utakaofika kila upenyo. Kata matawi ya juu yaliyo mazima kwa plasi safi ya makali, acha nafasi ya sentimita moja au mbili juu ya pale palipokufa, yabandike kwenye plagi mpya, vile vikalio vidogo vya kushikia tumbawe, kwa supaglu ile nzito ya jeli. Shina na plagi zote za zamani uzitoe kabisa, zikauke juani. Mahali popote kwenye vipande vipya ambapo mfupa uko wazi, kwangua kwa wembe au mswaki mgumu, kisha funika kwa supaglu, hata kama huoni yai, yai lililofunikwa na gundi haliendi popote na mnyoo akikosa mfupa mtupu hana pa kutaga. Hilo la gundi watu wengi hulipuuza na mimi naliona ni nusu ya kazi.

Kisha kuchovya. Besini tatu zenye maji ya tangi, joto moja. Ya kwanza ina dawa, ya pili na ya tatu za kusuuzia. Kama una dawa maalumu ya kuchovya matumbawe fuata maandishi ya chupa, usijiongezee nguvu. Kama huna, iodini hutumika, ile ya dukani ya vidonda, lakini iwe ya maji matupu isiyo na sabuni, manake kuna ya hospitali ya kunawia mikono ambayo ina povu, hiyo itamaliza tumbawe. Tia kidogo kidogo mpaka maji yawe rangi ya chai ya strungi nyepesi, dakika kumi, na muda wote huo ukipuliza kwa bomba kila upande. Kumbuka iodini inawalegeza tu, kinachowaangusha ni upepo wa bomba lako. Mtu anayetumbukiza na kukaa pembeni akiangalia simu atatoa tumbawe na minyoo yake wakiwa wameshikilia vizuri tu. Jaribu na kipande kimoja kwanza, uone kesho yake kiko vipi, halafu ndio ufanye vyote.

Kuna wanaotumia dawa za wadudu za shambani, zile za imidacloprid. Zinaua kweli minyoo na vidudu vidogo vingine. Mimi situmii na sikushauri, dawa hiyo ni sumu kali kwa kila jamii ya kamba na kaa, tone lililobaki kwenye tawi hujasuuza vizuri laweza kukumalizia kamba wote wa tangi kubwa, na bado yai haligusi. Kwa nini ujihatarishe hivyo na bado wiki ijayo uchovye tena?

Hesabu minyoo kila wiki na uandike. Wiki ya kwanza labda kumi na tano, ya pili watatu, ya tatu wanapanda tena nane kwa sababu mayai yameanguliwa, hapo usishtuke, ndivyo inavyotakiwa, kisha ziwe sufuri, sufuri, sufuri. Nataka sufuri tatu mfululizo ndio turudishe.

Kama kwa sababu yoyote huwezi kutoa akropora zote, mfano imeota imeshikana na jiwe la chini kabisa linalobeba yote, basi kuna njia ya pili, ya kuishi nao. Zima pampu za mkondo, kila jioni puliza matawi kwa bomba, samaki watawadokoa wanaorushwa. Kuna yule samaki mdogo mwenye mistari sita ubavuni, anapatikana hata kwenye miamba yetu, hodari sana wa kudokoa minyoo. Anasaidia, idadi inashuka. Lakini hafiki pembeni mwa mashina na mayai hayali, na akishazoea tangi anakuwa mkorofi kwa samaki wapya. Hiyo si tiba, ni kupunguza. Mimi kwa tangi la lita 280 ningetoa.

Haya, tuje kwenye maua yako ya kahawia. Hayo ni aiptasia, jamii ya anemoni. Ulivyosema tu "nikikwangua yanarudi mengi" nilijua. Mguu wake ukikatika, kila kipande kidogo kilichobaki juu ya jiwe chaota anemoni mpya. Kwa hivyo kisu chako, dadangu, ndicho kilichokuwa kikiwapanda. Acha kisu. Acha pia kuwabana kwa vidole, wakiguswa wanajivuta ndani ya tundu na kuachia vipande.

Silaha yake ni chokaa, na hapa Mombasa tumebarikiwa kwa sababu chokaa ya tambuu iko kila kona. Chukua nyeupe tupu isiyotiwa rangi wala harufu. Ikoroge na maji yaliyochujwa mpaka iwe kama uji mzito, uivute kwenye bomba dogo la sindano. Zima pampu zote. Subiri dakika tano maji yatulie na anemoni ajifungue kabisa, kisha sogeza ncha taratibu, usimguse, mdondoshee matone juu ya mdomo mpaka afunikwe kama theluji. Mwanzo anafikiri ni chakula, anaimeza. Hapo kwisha. Mwache amefunikwa hivyo nusu saa ndio uwashe pampu. Watatu au wanne kwa siku, basi, wala si zaidi, chokaa inapandisha pH ya tangi na ukitaka kumaliza thelathini kwa usiku mmoja utawamaliza na samaki. Isikugusie zoa zako. Vaa miwani, chokaa kwenye jicho si mchezo.

Utaambiwa ununue samaki anayekula aiptasia. Samaki vipepeo wetu wa hapa baadhi yao wanakula kweli, na wakimaliza aiptasia wanageukia matumbawe yako, nimeona hivyo mara nyingi kuliko nilivyoona kinyume chake. Kamba wa aina fulani pia wanakula, lakini yule mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni anayesafisha samaki, ambaye ndiye anayepatikana kirahisi, si kazi yake hiyo, utamlisha bure. Punguza chakula badala yake. Aiptasia wananenepa kwa mabaki, na wewe umesema wawalisha samaki mara tatu kwa siku. Mara moja, wale wamalize kwa dakika mbili.

Na hapa nasimama nikuombe kitu kimoja kwa uzito wote. Kuna atakayekwambia utoe lile jiwe lenye aiptasia ulichemshe kwenye sufuria wafe wote. USICHEMSHE. Umesema jiwe lina zoa juu yake. Zoa na ndugu zake wanaweza kuwa na palitoksini, ni katika sumu kali zaidi zinazojulikana duniani zinazotoka kwa viumbe, na ukichemsha jiwe inapanda na mvuke, nyumba nzima inavuta. Watu wamelazwa hospitali kwa hilo, familia na watoto wao, hata wanyama wao wa nyumbani wakaugua. Hata kukata zoa kwa wembe, vaa glavu na miwani, usikate ukiwa na kidonda mkononi, na maji yake yasikurukie machoni. Kusugua kwa mswaki jiwe la zoa kavu kavu pia usifanye.

Ukishaanza kuangalia angalia usiku na tochi utaona viumbe wengi na utataka kuua kila mmoja. Subiri. Yule kaa mdogo laini mwenye mwili unaometa anayeishi katikati ya matawi, jamii ya Trapezia na jamaa zake, huyo ni mlinzi, hapo ndipo nyumbani kwake, baharini anapigana hata na nyota wa taji la miiba kulitetea tumbawe lake. Mwache. Ila kaa mwenye manyoya na magando yenye ncha nyeusi, huyo mtoe. Wale minyoo wenye nywele nywele wanaotoka mchangani usiku ni wafagizi, wanakula mabaki, waache ila usiwashike kwa mkono mtupu. Konokono wa mirija anayerusha utando wa kunasia chakula, ukiona utando wamkera jirani yake, vunja mrija na uzibe tundu kwa ile ile supaglu. Na kama una montipora, tumbawe jingine gumu, ipindue uangalie chini, kuna konokono uchi mweupe mwenye vidole vidole mgongoni, milimita chache, anakula montipora peke yake, na habari yake ni ile ile, dawa yamwua, mayai yabaki, kwa hivyo kalenda ni ile ile ya kila wiki.

La kwenda kuokota mapya pale Nyali, hapana. Kwanza sehemu kubwa ya mwamba ule iko ndani ya Mombasa Marine National Park tangu 1986, kuchukua chochote humo ni kosa, na matumbawe magumu popote yalipo yako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, si kitu cha mtu kujiokotea. Pili, na hili ndilo langu la moyoni, mwamba wetu ulipata pigo la joto 1998 tukapoteza sehemu kubwa sana ya matumbawe hai ya pwani hii, wavuvi wazee wa hapa wanakwambia ulivyokuwa kabla yake, na yaliyobaki yanapambana. Na tatu, kwa faida yako mwenyewe, tawi la baharini lina wageni wengi kuliko la rafiki yako. Subiri hayo matawi yako matano sita yapone. Akropora ikishika hukua, mwaka mmoja utakuwa unatafuta nafasi.

Kitu kingine kidogo, hukusema joto la tangi lako. Nunua kipimajoto uniambie la saa tisa mchana, si la asubuhi. Likiwa limepita 29 tumbawe lenye vidonda halitapona hata minyoo wakiisha.

Na kila kipande kipya kitakachoingia nyumbani kwako kuanzia leo, hata nikikupa mimi, kipite kwenye lile kontena. Mimi mwenyewe mwaka fulani nilipokea tawi moja la buluu kutoka kwa mtu ninayemwamini, zuri mno, nikaona haya kulichovya kana kwamba namtuhumu. Nilipoteza akropora kumi na moja. Toka siku hiyo natoa plagi ambayo kipande kimekuja nayo, nabandika mpya, nachovya, nahesabu wiki sita.

La mwisho ni maji ya kuchovya. Usimwage kwenye mtaro wa nje, mtaro wa Tudor unaishia kriki na kriki inaishia baharini, na hujui minyoo yako imetoka bahari gani. Tia dawa ya kuweupesha nguo ndani ya besini, iache mpaka asubuhi, kisha mwaga chooni. Na yale mabesini matatu yaandike kwa maka kubwa ubavuni DAWA, uyaweke mbali na jikoni, asije mtu akakandia unga wa chapati ndani yake.